Ngoma Ilirudi Kanisani, Kisu Hakikuondoka

Bibi yangu alikuwa akipepeta mtama nyuma ya nyumba, mwezi wa saba, upepo wa Singida ukimsaidia kazi. Huku anapepeta alikuwa akiimba kwa midomo iliyofungwa, wimbo usio na maneno. Nilikuwa likizo kijijini, upande wa Ilongero, na simu ilikuwa mkononi kama ilivyo kawaida yetu waandishi wa habari. Nikamrekodi bila kumwambia.

Kesho yake, Jumapili, kwaya ya akina mama ikasimama mbele. Ile sauti ya kwanza tu kutoka, nikageuka kumwangalia bibi. Ulikuwa wimbo ule ule, au tuseme ndugu yake wa tumbo moja. Jumamosi ulikuwa wa mtama, Jumapili ukawa wa sifa.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani nikamuuliza. Akacheka.

"Huo tuliuimba ngomani, tukiwa wasichana. Nilitengwa kanisani miezi sita kwa sababu yake. Nilikaa benchi la nyuma, Meza ya Bwana napitwa."

"Na sasa je, bibi?"

"Sasa ni wimbo wa Mungu. Wamebadilisha maneno."

Alilisema kama jambo dogo. Mimi nimekaa na jibu lile muda mrefu, kwa sababu ndani yake kuna historia nzima ya Ukristo katika mkoa wetu: jinsi kanisa lilivyohukumu utamaduni wa watu, jinsi lilivyobadili mawazo baadaye, na kitu ambacho halikukipima vizuri mara zote mbili.

Tuanze na waliofika. Wamisionari wa Leipzig kutoka Ujerumani walianza kazi Kilimanjaro mwaka 1893, na miaka michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza wakafika Iramba, wakajenga kituo Ruruma. Ujerumani iliposhindwa vita, Waingereza wakawaondoa. Katika miaka ya 1920 kazi ya Iramba na Unyaturu ikashikwa na Waluteri wa Augustana, kanisa lililoanzishwa mwaka 1860 na wahamiaji wa Kiswidi huko Marekani. Ukipita leo Kiomboi, Kinampanda na Iambi, unaona alama zao: hospitali, chuo cha ualimu, majengo ya mawe yenye paa la bati ambayo bado yanatumika. Wakatoliki nao walijenga Makiungu, na mwaka 1954 masista wa Medical Missionaries of Mary kutoka Ireland wakaanzisha hospitali ambayo mpaka leo watu wanaikimbilia kutoka mbali. Upande wa kusini, Kilimatinde, walikuwepo Waanglikana wa CMS.

Nayataja haya kwanza kwa sababu ni rahisi kuandika historia ya wamisionari kama mashtaka. Mama yangu alizaliwa katika hospitali waliyoijenga wao. Bibi alijifunza kusoma kwa walimu waliofundishwa nao. Huwezi kula ugali wa mtu halafu ukasema shamba lake halina maana.

Lakini ngoma waliikataa. Hili halikuwa la Singida peke yake. Katika vituo vingi vya misheni za Kiprotestanti Tanganyika, mkristo aliyeonekana ngomani aliitwa mbele ya wazee na kutengwa kwa muda. Tuwatendee haki: hawakuichukia ngoma kwa sababu ina ngozi na mti. Walichokiona ni kwamba ngoma haikuja peke yake. Ilikuja na pombe, ilikuja na matambiko ya wahenga, ilikuja na jando na unyago. Ukitaka kung'oa kimoja, waliona, lazima ung'oe vyote. Kwa hiyo wakachora mstari: huku Kristo, kule ngoma.

Tatizo ni kwamba mstari huo ulipita katikati ya maisha ya watu. Chukua kilimo. Mtu mwenye shamba kubwa kuliko nguvu za nyumba yake alipika pombe ya mtama, akaalika majirani, wakaja na majembe, wakalima wakiimba, jioni wakanywa. Mkristo aliyekatazwa pombe na kukatazwa nyimbo zile alijikuta hana wa kumwalika, na mwenyewe haalikwi. Alikuwa ameingia katika jamii ya watakatifu na kutoka katika jamii ya wanaosaidiana kulima. Kuna waliosimama imara, kuna waliorudi nyuma, na wengi walifanya kile ambacho binadamu hufanya akibanwa: mchana huku, usiku kule.

Halafu palikuwa na suala la nyimbo zenyewe. Kanisa linaimba, huwezi kulizuia. Basi wakaleta nyimbo za Ujerumani, za Sweden, za Uingereza, zikatafsiriwa. Nyingine ni nzuri sana na tunazipenda mpaka kesho. Msibani Singida, ukianzisha wimbo wa Tenzi za Rohoni, hata asiyejua kusoma ataimba beti zote. Ila kuna jambo ambalo aliyezaliwa na Kiswahili analisikia hata kama hawezi kulieleza. Neno la Kiswahili linawekewa mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tunasema BWA-na, hatusemi bwa-NA. Tuni nyingi za Ulaya zinaanza na noti nyepesi halafu nzito, kwa hiyo ukiweka "Bwana" mwanzoni mwa mstari, uzito unaangukia "na". Tumezoea, lakini ni kuzoea kiatu kinachobana. Na mkazo si jambo la urembo tu: "barabara" yenye mkazo kwenye "ba" ya pili ni njia ya kupita magari, na yenye mkazo kwenye "ra" ya kwanza ni kitu kilicho sawasawa.

Sasa, Kiswahili kinasamehe. Kinyaturu hakisamehi. Kinyaturu ni lugha ya toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe. Ukilishusha mahali linapopaswa kupanda, unaweza kuwa umesema neno lingine, au hujasema kitu. Fikiria basi tuni iliyotungwa Leipzig kwa ajili ya maneno ya Kijerumani ikivalishwa maneno ya lugha kama hiyo. Watu wanaimba kwa uaminifu kabisa, na nusu ya wanachoimba hakieleweki bila kitabu.

Mtu mmoja aliyelielewa hili kwa undani alikuwa Howard Olson. Alizaliwa St. Paul, Minnesota, mwaka 1922, akatumwa na Augustana kuja Tanganyika mwaka 1946. Alijifunza Kinyaturu, tena si cha kuombea maji tu. Mwaka 1964 alikamilisha tasnifu yake huko Hartford, Marekani, juu ya sauti na miundo ya maneno ya lugha hiyo, ambayo wanaisimu huiita Kirimi. Alikusanya pia methali zake. Mtu akikaa miaka anasikiliza jinsi sauti ya mzee inavyopanda na kushuka anaposema methali, hawezi tena kumpa mzee huyo tuni ya Kiswidi bila kuona aibu kidogo.

Olson alikwenda kufundisha Makumira, chuo cha theolojia cha Waluteri kule Meru. Huko alikuwa na wanafunzi kutoka pembe zote za nchi: Wahaya, Wachaga, Wanyiramba, Wanyaturu, Wahehe. Alikusanya tuni za kwao, zikawekewa maneno ya Kiswahili ya imani, mengine akiyatunga mwenyewe, mengine wakiyatunga wanafunzi. Mwaka 1968 kikatoka kitabu kidogo, Tumshangilie Mungu. Kwa kukiangalia, utasema ni kijitabu tu. Lakini ndani yake kanisa lilikuwa linakiri kwa nyimbo jambo ambalo lilikuwa halijalisema kwa mdomo: tulikosea kuhusu tuni.

Olson hakuwa peke yake, na wala wazo halikuwa la Mzungu peke yake. Mwaka 1960 Henry Weman, mpiga kinanda wa kanisa kuu la Uppsala, Sweden, alitoa kitabu juu ya muziki wa Kiafrika na kanisa baada ya kusafiri huku kwetu na kusini mwa Afrika. Mwaka 1963 padri Mtanzania, Stephen Mbunga, akatoa kitabu chake kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Desemba ya mwaka huo huo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukaruhusu lugha na muziki wa wenyeji katika liturujia ya Kikatoliki. Na mwaka mmoja kabla, Desemba 1962, Nyerere alikuwa amesimama bungeni akiwa Rais mpya wa Jamhuri, akalalamika kwamba tulifundishwa dansi za Ulaya na kuziona ngoma zetu kuwa aibu, akatangaza wizara ya utamaduni. Upepo ulikuwa umegeuka. Kanisa na taifa vilikuwa vinajiuliza swali moja.

Matokeo yake yalifika mbali. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, kutoka Bukoba, aliandika Mfurahini, Haleluya kwa tuni ya Kihaya. Wimbo huo ulitafsiriwa Kiingereza na Olson, ukatafsiriwa Kijerumani, na leo umo katika kitabu rasmi cha nyimbo cha makanisa ya Kiinjili Ujerumani, namba 116. Hebu tafakari. Nchi iliyotuletea nyimbo zake na kutuambia zetu ni za gizani, sasa Jumapili ya Pasaka inaimba tuni ya Ziwa Viktoria. Hiyo si historia ndogo.

Hapo ndipo makala nyingi juu ya jambo hili huishia. Injili imevaa kanzu yetu, ngoma imebatizwa, amina. Na kwa miaka mingi mimi mwenyewe ningeishia hapo. Kuna mwanazuoni kutoka Gambia, Lamin Sanneh, aliyeandika mwaka 1989 kwamba Ukristo kwa asili yake ni dini ya kutafsiriwa: ukichukua jina la Mungu lililopo kwa watu na kulitumia, umekiri kwamba Mungu alikuwepo pale kabla yako. Wanyaturu walimjua Muumba kwa jina la Matunda kabla mmisionari hajavuka bonde la Wembere. Nakubaliana na Sanneh. Ninachosema ni kwamba kukubali hilo ni nusu ya kazi.

Narudi kwa bibi. Siku ile ile, tukiwa tumefika nyumbani, nilimuuliza ile ngoma ya wasichana ilikuwa ya nini. Akanyamaza. Kisha akasema: "Ya kutoka ndani. Baada ya kisu." Nikamuuliza kama wazee wa kanisa waliomtenga walimuuliza habari za kisu. Akanitazama kama mtu anayeulizwa na mtoto.

"Waliniuliza kama nilicheza. Nikasema nilicheza."

Si kwamba naandika hukumu ya kanisa zima kwa kumbukumbu ya mwanamke mmoja. Wapo wamisionari na wachungaji waliopinga ukeketaji waziwazi. Lakini nilichokisikia kwa bibi ni mpangilio wa dhambi: kilichosikika mbali, yaani ngoma, kilipewa adhabu, kilichofanyika kimya, kwenye mwili wa msichana, kilipita. Na ilipofika zamu ya kurekebisha makosa, kilichorekebishwa ni kile kile kilichosikika. Ngoma ilirudi kanisani. Kisu hakikuondoka.

Takwimu ziko wazi. Utafiti wa kitaifa wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa 2015–16 ulionyesha kwamba asilimia 31 ya wanawake wa Singida wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 10. Utafiti wa 2022 ulionyesha Singida imeshuka hadi 20, na nchi 8. Ni maendeleo, tumshukuru Mungu na walimu na manesi. Lakini mwanamke mmoja kati ya watano, katika mkoa wenye makanisa kila kijiji na kwaya kila kanisa, si jambo la kupita nalo kimya.

Sheria ipo. Tangu mwaka 1998, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana inamtia hatiani anayemkeketa, au anayesababisha akeketwe, msichana wa chini ya miaka 18 aliye chini ya uangalizi wake. Kifungo ni miaka mitano hadi kumi na tano. Sheria ilipokuja, kisu kilijificha. Badala ya msichana wa kuchezewa ngoma, kikahamia kwa mtoto mchanga ambaye hawezi kumwambia mwalimu. Na kikapata dawa ya kujitetea: lawalawa.

Kwa asiyetoka kwetu, lawalawa ni jina ambalo watu wa Singida na Dodoma wanalitumia kwa muwasho na maambukizi ya sehemu za siri na njia ya mkojo kwa watoto wa kike. Ni maradhi ya kawaida ambayo usafi na dawa za zahanati huyaponya. Lakini imani ilienea, hasa kuanzia miaka ya 1970 serikali ilipokuwa imeanza kuikemea mila hii, kwamba dawa yake ni kukata. Angalia ujanja wa jambo hili. Mila iliyokatazwa kama mila ilirudi ikiwa imevaa koti jeupe la daktari. Mama anayekataa unyago kwa sababu ameokoka anaweza kukubali "matibabu" kwa sababu mtoto analia usiku.

Katika ukoo wetu yupo mtoto aliyetibiwa lawalawa hivyo, miaka si mingi. Aliyempeleka ni mtu wa kanisa, mtu wa maombi, mwenye sauti nzuri ya alto. Sitasema zaidi ya hapo. Nasema tu kwamba simwoni kama mnafiki. Alifundishwa kwamba mila mbaya ni ile yenye ngoma, pombe na mizimu. Hapakuwa na ngoma. Hapakuwa na pombe. Palikuwa na mtoto mgonjwa na wembe mpya. Kwa kipimo alichopewa, hakuvunja kitu.

Ndiyo maana nasema kosa liko kwenye kipimo. Mtazamo wa Kikristo juu ya utamaduni haukuwahi kuwa orodha ya vitu: hiki chetu, kile chao, hiki safi, kile najisi. Na kama tunataka mfano, uko kwenye Matendo ya Mitume sura ya 15, na kwa namna ya ajabu kesi yenyewe ilikuwa ya tohara. Watu walishuka kutoka Uyahudi kuwaambia waamini wa mataifa kwamba bila kutahiriwa hawawezi kuokolewa. Mitume na wazee wakaketi Yerusalemu, wakabishana sana. Uamuzi ukawa kwamba alama ya mwilini, hata iliyoamriwa kwa Ibrahimu mwenyewe, haiwezi kuwa mlango wa kuingilia kwa Mungu wala mzigo wa kumtwisha mtu. Kanisa la kwanza lilikaa kikao kizima kuamua kwamba mwili wa mtu hauhitaji kukatwa ili akubalike. Singida tungekuwa wa kwanza kuihubiri sura hiyo. Katika Jumapili zangu zote, sijaisikia ikihubiriwa hivyo.

Ukanda wetu una watu waliojaribu kupima, wengine wakafaulu nusu, wengine wakaumia. Masasi, kusini, askofu Vincent Lucas wa UMCA hakulikataa jando. Alilichukua, akalitengenezea sala na mafundisho ya Kikristo, akashirikiana na wazee, vijana wakatahiriwa na kufundwa wakiwa Wakristo. Alilaumiwa na wengi, lakini aliuliza swali sahihi: ndani ya mila hii, kipi kinamjenga kijana na kipi hakimjengi?

Kenya ilikwenda njia nyingine. Mwaka 1929 misheni ya Waskoti na nyingine katika nchi ya Wakikuyu ziliwataka waumini na walimu wao kukana ukeketaji waziwazi. Kwenye jambo lenyewe walikuwa sahihi. Lakini lilikuja kama amri ya wageni, wakati huohuo ambapo ardhi ilikuwa inachukuliwa, na maelfu wakatoka makanisani wakaanzisha shule na makanisa yao. Walitunga hata wimbo wa kuwadhihaki wamisionari, Muthirigu, mpaka serikali ya kikoloni ikaupiga marufuku mwaka 1930. Kuanzia hapo kisu kikawa bendera. Mtu aliyetaka kumlinda binti yake alionekana amewauza wenzake. Ni fundisho zito: ukweli ukisemwa na mtu asiyepima chochote kingine, anayeidharau ngoma, lugha na ardhi ya watu, ukweli huo nao unadharauliwa.

Kwa hiyo ngoma na kisu havikuwa mambo mawili tofauti. Laiti kanisa lingeheshimu ngoma mapema, lingekuwa na haki ya kusikilizwa kuhusu kisu. Na lilipoirudisha ngoma bila kusema habari ya kisu, lilirudisha heshima bila kuitumia.

Leo mambo yamezunguka. Ukienda Singida mjini, karibu na Ziwa Singidani au kule stendi, utasikia vipaza sauti vya mikutano ya injili vikitangaza kufunguliwa kutoka katika vifungo vya mila. Mila zote, kwa jumla, kama mwaka 1930. Jina la ukoo ni kifungo, kaburi la babu ni kifungo, shanga za bibi ni kifungo. Na siku hiyohiyo, kwenye ukumbi mwingine, kuna tamasha la utamaduni ambapo kila cha asili ni fahari na hakuna anayeruhusiwa kuuliza swali. Hawa wanakataa vyote, wale wanakumbatia vyote, na wote wawili wameepuka kazi ya kupima. Paulo aliwaandikia Wathesalonike wapime kila jambo kabla ya kuchagua. Hakusema ni kazi rahisi.

Kupima kwenyewe kunahitaji nini? Nadhani kunahitaji kuanza na aliye mdogo kuliko wote katika jambo hilo. Kama binadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, basi swali la kwanza juu ya mila yoyote si limetoka wapi, Uswidi au Unyaturu, wala linasikika vipi. Ni: huyu mdogo anafanywa nini hapa? Mwalike jirani akusaidie kulima. Mdogo anapata chakula. Hiyo ni njema, hata kama tutajadili kilichomo kwenye mtungi. Mfundishe msichana jinsi ya kuishi na watu, kutunza mwili wake, kujua waliomtangulia, mdogo anakua. Hiyo ni njema, na kanisa lisilo na mafundisho ya namna hiyo limewaachia watoto wake simu. Mkate msichana, mdogo anaumizwa maisha yake yote, na hakuulizwa. Hapo hakuna cha kubatiza.

Kipimo hicho hakihukumu mila za Kiafrika peke yake. Kipeleke pia kwenye zile sherehe za kumuaga binti ambapo kadi ya mchango inamlazimu mjomba kuuza ng'ombe wa maziwa wa watoto wake. Kipeleke kwenye harambee ya kanisa ambapo majina ya waliotoa kidogo yanasomwa kwa sauti ya dhihaka. Kipeleke kwenye bei ya alizeti msimu wa mavuno, pale mkristo mwenye mashine ya kukamua anapojua kwamba jirani yake hana pa kuhifadhi na lazima auze leo. Mtazamo wa Kikristo usiofika mashineni na zahanati umebaki kuwa mtazamo wa benchi la kanisa.

Na kuna hasara moja ambayo sijui kama itafidiwa. Tuni zilirudi, lakini zilirudi na maneno ya Kiswahili. Nakipenda Kiswahili, naandika kwacho, kinanilisha. Lakini bibi yangu anasali kwa Kiswahili na kuhesabu kuku kwa Kinyaturu. Mambo makubwa ya Mungu yako katika lugha moja, mambo ya mwili, ya uchungu, ya kike, yako katika lugha nyingine. Najiuliza kama hiyo si sababu mojawapo iliyofanya kisu kisiguswe. Mahubiri yalikuwa kwa lugha ya hadharani. Kisu kilikuwa kikizungumzwa kwa lugha ya jikoni, na mchungaji hakuwahi kuingia jikoni.

Siku ya kuondoka nilimwekea bibi ile rekodi ya simu. Akajisikiliza akiimba huku mtama ukimwagika kwenye ungo. Nikamuuliza kama bado anayakumbuka maneno yake ya zamani. Akasema anayakumbuka yote. Nikamwomba aniimbie. Akafikiri kidogo, akasema maneno yale yaliambiwa wasichana kwamba wavumilie, wasilie, kwa sababu anayelia anaitia nyumba aibu.

"Hayo siyaimbi tena," akasema. "Tuni nimeiacha, ni nzuri. Maneno yale hapana."

Kisha akamwita kitukuu wake wa miaka minne aliyekuwa anacheza na vifaranga uani, akampakata, akaanza kumfundisha wimbo ule kwa maneno ya kanisani. Mtoto akawa anapiga makofi, nje kabisa ya mapigo. Bibi akamwacha apige.